Kiungo cha Mwisho cha Fundi Gordon

Saa moja asubuhi ya Jumatatu, Sajini Werema alikuwa amepiga magoti nyuma ya kituo cha polisi, suruali yake iliyopigwa pasi ikila vumbi, akiikagua mashine ya kukausha omena, wale dagaa wa ziwani, kwa mara ya nne. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo: trei sita za wavu juu, feni ubavuni, na chini kabisa kisanduku cha makaa kilichoning'inizwa kwa mikono minne ya chuma, mmoja kila pembe. Ijumaa ilikuwa imefungwa utepe mwekundu. Sasa ilikuwa imeegemezwa ukutani, mkono mmoja umeachia, kama mlevi aliyeketishwa na jamaa zake.

Ijumaa hiyo, mbele ya wageni mia tatu mjini Homa Bay, mafundi wa Sori walitangazwa washindi wa Tuzo ya Klasta Bora ya Viwanda Vidogo, Kanda ya Ziwa. Klasta, kwa asiyeijua, ni mafundi wa mahali pamoja wanaofanya kazi kama nyumba moja: huyu anakata, yule anakunja, wa tatu anachomelea, na mteja anapata kitu kilekile kila siku. Tima, mfanyabiashara wa omena anayejulikana soko zima, aliombwa aiwashe mashine ya washindi ili wageni waione ikifanya kazi. Makaa yakashika, makofi yakapigwa. Kisha mkono wa nyuma kulia ukaachia, kisanduku kikapinduka, na makaa yakammwagikia Tima miguuni. Madaktari walikuwa bado hawajasema kama mguu wa kulia utapona.

Aliyekuwa ndani kwa ajili hiyo ni Joyline, fundi wa kuchomelea, mwanamke wa miaka thelathini na miwili. Watu kumi na wawili walimsikia akipiga kelele, "Mama, toka hapo!" kabla kisanduku hakijaanguka. Mtu haioni ajali kabla haijatokea, isipokuwa aliyeipanga au aliyeijua. Na taarifa yake ilikuwa na mistari mitatu tu: mashine nilichomelea mimi peke yangu, kosa ni langu, sina la kuongeza. Werema alikuwa amemhoji mara tatu, na mara zote tatu alirudia mistari hiyohiyo huku akitazama meza. Saa nane mchana angefikishwa mahakamani kwa uzembe uliomjeruhi mtu. Akitiwa hatiani, hakuna ambaye angempa tena kazi ya kuchomelea hata mlango wa choo.

Inspekta Jerusha, mkuu wake, alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Werema, mtu amekiri. Bado unatafuta nini huko chini?"

"Natafuta mtu wa pili, madam. Njoo uone. Mikono hii mitatu imechomelewa na mtu mmoja. Mshono umepangika kama magamba ya samaki. Huu uliovunjika ni matone matupu, na mengine hayako hata kwenye kiungo, yako kando. Aliyefanya hii mitatu hawezi kufanya huu."

"Labda mtu aliukata njiani, akaubandika tu."

Hapo Werema akainua kidevu. Majaji wa tuzo walikuwa wameifunga mashine kwa karatasi za lakiri siku ya Alhamisi, kulekule Sori, ili asitokee mjanja wa kuibadilisha kabla ya sherehe. Yeye mwenyewe ndiye aliyetumwa kulinda lori lililoileta.

"Njiani hapana. Hiyo naweza kuapa. Konstebo alishika zamu ya asubuhi, mimi nikashika ya mchana mpaka tukafika hapa. Lakiri ilikuwa nzima. Hata nzi hakutua, madam."

Alilisema kwa fahari, maana Werema alikuwa mtu wa utaratibu, na alipenda ijulikane.

"Sawa," Jerusha akasema. "Kama ni hivyo, hicho kiungo kilikuwa kibovu kabla ya lakiri, au kiliharibiwa ukumbini karatasi zilipotolewa. Una mpaka saa nane."

Ukumbini kulikuwa na jina moja. Katika picha za simu za wageni alionekana mwanamume akiinama nyuma ya mashine, pembe ileile, dakika chache kabla ya makaa kuwashwa. Alikuwa Byron, mwenyekiti wa mafundi wa Rodi Kopany, klasta iliyoshika nafasi ya pili. Werema alitoa mkono uliovunjika, akauzungushia gazeti, akaingia garini.

*

Byron alimpokea katikati ya wilbaro kumi na mbili ambazo hazijapakwa rangi.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Ukiwa namba mbili, kila kitu kikivunjika ni wewe."

"Uliinama nyuma ya mashine. Ulikuwa unafanya nini?"

"Kuangalia. Fundi akiona kazi ya fundi mwingine lazima aangalie chini yake. Si hata nyinyi mkinunua gari mnalala chini?"

"Ulishika?"

"Kwa kidole hiki tu."

"Na kidole kikaona nini?"

Byron akakwepa. Akaanza habari za alama, jinsi majaji walivyokaa Rodi nusu saa na Sori nusu siku, jinsi wilbaro zake zinavyobeba mawe mpaka Kendu. Werema akamwinulia kiganja.

"Mtihani umekwisha, bwana Byron. Kalamu chini. Mimi nakuuliza juu ya kiungo."

Hilo lilikuwa neno lake. Alikuwa amefundisha darasa la saba miaka miwili kabla ya kuingia polisi, na tangu hapo kila aliyemchosha alimnyamazisha nalo. Wenzake kituoni walilicheka. Waliotupiwa hawakulicheka sana.

Byron akafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, na ikawa michafu zaidi.

"Niliona kiungo kibaya," alisema.

"Na hukusema?"

"Ningesema aje, afande? Dakika tano baada ya kuambiwa nimeshindwa, nisimame mbele ya watu niseme mashine ya washindi ni mbovu? Wangesema ni wivu. Bibi yangu mwenyewe angesema ni wivu. Nikarudi kwa kiti, nikapiga makofi na mikono hii. Halafu mama wa watu akachomeka." Akatazama pembeni. "Tangu Ijumaa nikiona makaa jikoni natoka nje. Naona haya hata kwa watoto wangu."

Werema aliyaandika yote. Alikuwa amekuja kumkamata mtu mwenye husuda, na amempata mtu aliyeogopa kuitwa hivyo. Kwa sheria hilo halikuwa kosa.

"Kiungo kile ni mkono wa Joyline?"

"Joyline? Wapi! Ningekuwa na wawili kama yeye, hiyo tuzo ingekuwa kwangu ukutani. Kile ni cha mwanafunzi wa wiki ya kwanza." Akaingia ndani, akarudi na kijitabu cha sherehe kilichokunjwa mara nne. "Lakini soma hapa. Hii ndiyo majaji walipenda."

Werema akasoma. Majaji waliwasifu mafundi wa Sori kwa mabanda kumi na moja yanayoshirikiana kwa vifaa na vipimo, na zaidi ya yote kwa desturi yao: hakuna mashine inayotoka mpaka kiungo cha mwisho, cha nyuma kulia, kifungwe na Fundi Gordon mwenyewe, aliyewafundisha wote.

Akaisoma tena. Basi Joyline alikuwa ameandika uongo. Hakuichomelea peke yake. Na kiungo kilichovunjika ni kilekile kilichopaswa kufungwa na fundi wa miaka arobaini kazini. Ama kuna mwanafunzi aliyekalishwa kwenye kiti cha mwalimu wake siku hiyo, na Joyline anamficha, ama kuna jambo jingine ambalo Werema hakulijua bado.

*

Sori ilimpokea kwa harufu ya omena na kelele za grenda zikisaga chuma. Mabanda kumi na moja yalijipanga mkono wa kushoto wa barabara iteremkayo ziwani, na juu ya la kwanza walikuwa tayari wametundika bango la tuzo, kisha mtu akaligeuza likatazama ukuta. Boaz, mkata vyuma na msemaji wao, alikuja akimtazama vifungo vya shati badala ya macho.

"Mwanafunzi wenu ni nani?" Werema akauliza.

"Mwaka huu hatuna mwanafunzi, afande."

"Alhamisi nani alifunga kiungo cha mwisho?"

"Kazi ilikuwa mingi siku hiyo," Boaz akasema, akaokota nyundo ambayo hakuwa na kazi nayo.

Mashine tano zilizokamilika zilisimama uani zikingoja wateja. Werema akapiga magoti tena. Suruali ilikuwa imekwisha kukata tamaa. Mikono ya mbele ilikuwa safi, mshono wa magamba. Wa nyuma kushoto vilevile. Wa nyuma kulia nao ulikuwa mzuri, lakini kando yake chuma kiling'aa kwa mikwaruzo ya grenda. Akaenda ya pili. Mikwaruzo ileile, pembe ileile. Ya tatu, ya nne, ya tano. Kiungo kizuri hakisagwi. Kinachosagwa ni kibaya, ili kifanywe upya. Na hapa kila mashine ilikuwa imefanywa upya pembe moja tu, ile ya mwalimu.

"Boaz," aliita. "Kwa nini mnasaga hapa peke yake?"

Kabla Boaz hajafungua mdomo, mzee mrefu alitoka banda la katikati, aproni ya ngozi kifuani. Alitembea moja kwa moja bila kusita, kama mtu anayekwenda chooni kwake gizani. Mafundi wawili waliondoa kimyakimya bomba lililokuwa njiani mwake.

"Sauti hiyo si ya huku," alisema. "Wewe umetoka Kuria."

"Ndiyo, mzee. Sajini Werema, kutoka Homa Bay."

"Karibu. Mjomba wangu alioa Kuria, akarudi amenenepa." Akanyoosha mkono, ukafika kidogo kushoto kwa ule wa Werema, ukarekebishwa. "Mimi ni Gordon. Mtoto wangu Joyline atarudi lini? Mashine yangu haianguki, afande. Mtu ameichezea. Nilifunga mwenyewe, majaji wamesimama hapo ulipo. Walipiga makofi. Yule mama Edith, katibu wao, akabandika karatasi zake hapohapo, hata chuma hakijapoa."

Sasa, Werema alikuwa mpelelezi mzuri, na mpelelezi mzuri akiwa na kitu mkononi hutaka kuona kitafanya nini mbele ya mtu. Akafungua gazeti, akamkabidhi mzee ule mkono uliovunjika.

"Mzee, hebu niambie hii ni kazi ya nani."

Fundi Gordon hakuutazama. Aliupokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba juu ya kiungo, mara moja, mara ya pili. Akacheka.

"Takataka hii umeitoa wapi? Moto ulikuwa huku, kiungo kiko huku. Huyu alikuwa anatazama wapi? Mtu kama huyu anyang'anywe vifaa leo. Hafai kushika hata msumari."

Grenda zikanyamaza, moja baada ya nyingine. Mafundi walikuwa wamesimama katika mabanda yao, watu wazima wenye vifua, na kila mmoja alikuwa anatazama sakafu.

"Mbona mmenyamaza?" mzee akauliza. Kichwa kikageuka upande huu na ule. "Boaz?"

"Japuonj," Boaz akasema. Ndivyo walivyomwita wote, kwa Kijaluo, mwalimu.

Fundi Gordon akabaki na kile chuma mkononi. Kisha akaiendea mashine iliyokuwa karibu, akaipapasa mpaka pembe ya nyuma kulia, kidole gumba kikatulia kando ya kiungo.

"Hapa pamesagwa," alisema.

Akaenda ya pili. "Na hapa."

Ya tatu hakuifikia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, Japuonj. Baada ya Krismasi."

"Nani anarudia?"

"Joyline. Ukienda kula mchana."

"Na wote mnajua."

Boaz akaiweka nyundo chini.

"Mimi natembeza wageni hapa," mzee akasema polepole. "Nawaambia, shika hiyo pembe, usikie mkono wa mwalimu. Kumbe naonyesha kazi ya mtoto nikiita yangu. Mpaka majaji nimewaita waje waone."

Werema aliona haya. Yangemtosha maneno mawili kando, nyuma ya banda, lakini alimpa mzee aibu yake mkononi mbele ya watoto wake wote, akaingoja kama mtu aliyetega panya.

"Nileteeni koti," Fundi Gordon akasema.

"Unaenda wapi, Japuonj?"

"Homa Bay. Si afande ana gari?"

Boaz alimsaidia mzee kuingia, akazunguka upande wa Werema.

"Kitu kimoja, afande. Siku ile majaji walitaka kuona mzee akifunga kwa macho yao, na wakabandika karatasi kabla sisi hatujapata nafasi. Joyline alichukua grenda ile ya betri na mashine ndogo ya kuchomelea, akaenda kwa lori. Akarudi nazo vilevile, hasemi kitu. Mwulize yeye."

*

Katika daftari Werema aliandika: Nani alimkatalia? Akapiga mstari chini yake, kisha mwingine. Mzee alikosea kwa kutojua. Mafundi walificha kwa heshima. Byron alinyamaza kwa kuogopa. Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyeombwa waziwazi, kazi ikiwa bado inarekebishika, akasema hapana. Huyo alimtaka. Alimtaka kwa hamu ambayo hakuwa nayo tangu asubuhi.

Walipofika Ndhiwa alimpigia Edith.

"Joyline kuja kwetu? Hapana," katibu wa tuzo akasema. "Sisi baada ya lakiri tulienda Migori moja kwa moja. Lori tuliacha na polisi."

Werema akarudisha simu mfukoni. Konstebo wa zamu ya asubuhi, akajiambia. Vijana hawa wa siku hizi hawana subira na raia. Angemwita leo leo amweke sawa. Nyani haoni kundule, na Werema aliendesha gari mpaka Rodi akimtungia yule konstebo maneno makali.

Mzee pembeni yake alikuwa akipapasa vifungo vya koti. Karibu na mji alisema neno moja tu.

"Angeniambia."

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, kiti cha mpelelezi upande mmoja, na upande wa pili benchi refu la kuegemea ukuta. Joyline alipoletwa na kumkuta Fundi Gordon kwenye benchi, alifunika mdomo kwa kiganja.

"Japuonj! Nani amekuleta huku?"

"Nimekuja kuchukua kilicho changu. Umebeba aibu yangu siku tatu, na hukuniomba ruhusa."

Joyline akakaa, mbali kidogo naye, machozi yakimtoka bila sauti.

"Mafundi wote walisema msichana atachoma nguo tu," alisema. "Wewe ndiye ulinipa miwani yako mwenyewe. Ningekuambia aje kwamba huoni?"

"Kwa mdomo," mzee akasema. "Mimi macho ndiyo yamekufa. Masikio bado yapo."

Werema alikaa kwenye kiti chake, akafungua ukurasa mpya. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Taarifa ya uongo ilikuwa imeanguka. Lililobaki ni kujaza pengo moja, na faili ingebadilika kabisa.

"Dada Joyline, Alhamisi ulikwenda kwenye lori na vifaa vyako. Ulimkuta afisa."

Joyline akafuta macho.

"Ulimkuta afisa, ama hukumkuta?"

"Nilimkuta."

"Ukamwambia nini?"

"Afande, hiyo si muhimu. Kiungo kilikuwa kibaya, mama amechomeka. Andika hivyo."

"Ni muhimu kuliko yote. Mtu aliyeombwa na akakataa, huyo ndiye aliyemchoma Tima. Ulimwambia nini?"

Fundi Gordon aligeuza uso upande wake. "Mjibu, nyathina, mwanangu."

Joyline alitazama meza, sehemu ileile aliyoitazama Ijumaa, Jumamosi na Jumapili.

"Nilimwambia anipe dakika kumi, niongeze moto pembe moja. Nikamwambia anaweza kusimama hapo aangalie. Nilikuwa na kitambaa usoni sababu ya vumbi, na miwani. Alifikiria mimi ni mwanaume. Alikuwa anakula samaki kwa gazeti, hakuinua kichwa."

"Akasema?"

"Akasema, mtihani umekwisha, kijana. Kalamu chini."

Kalamu ya Werema ilisimama katikati ya neno.

Akamkumbuka. Hakukumbuka sura, maana hakuitazama. Alikumbuka buti lenye doa la rangi ya fedha, na grenda iliyoshikwa kwa mikono miwili kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Alikumbuka kwamba alicheka peke yake kwa utani wake, akaendelea kumchambua samaki miiba. Na lile buti halikuondoka mara moja. Lilisimama muda, likingoja huenda atainua kichwa. Asubuhi hii alikuwa amemwapia mkuu wake kwamba hata nzi hakutua.

Ijumaa alikuwa amemuuliza mwanamke huyu, kwenye meza hii hii, kwa sauti ya mwalimu: kama ulijua ni kibovu, kwa nini hukurekebisha? Naye akamjibu kwamba hana la kuongeza.

"Haya, huyo ndiye mtu wako, afande," Fundi Gordon akasema, uso wake umeelekezwa kidogo kushoto kwa kiti. "Mimi niliharibu bila kujua, na nitasema hivyo kwa hakimu. Lakini yeye aliambiwa. Mtafute. Utampata?"

Werema alimtazama Joyline. Joyline alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama sakafu, kama Boaz, kama mafundi wote wa yale mabanda kumi na moja. Alikuwa akimsitiri. Tangu Ijumaa alikuwa akimsitiri, yeye afisa, kama walivyomsitiri kipofu aliyeonyesha wageni kazi asiyoiona.

"Kwa nini hukusema?" akamuuliza kwa sauti ndogo.

"Ungeandika?"

Werema akaitazama kalamu yake.

"Afande?" mzee akaita. "Mbona umenyamaza?"

"Nimempata, mzee."

"Yuko wapi?"

"Ndiye anayezungumza na wewe."

Nje mtu alikuwa anaosha gari, maji yakigonga bati. Fundi Gordon alipitisha kidole gumba juu ya goti lake kana kwamba kuna mshono pale. Werema alingoja kutukanwa. Angeshukuru kutukanwa.

"Basi maliza kuandika," mzee akasema hatimaye, "halafu uje ukae huku. Kiti hicho si chako tena."

Werema akaandika. Aliandika jina lake, cheo chake na namba yake, saa na mahali. Aliandika ombi la Joyline kama lilivyosemwa, dakika kumi, pembe moja, simama uangalie. Aliandika jibu lake neno kwa neno, na halikuchekesha likiwa kwenye karatasi. Aliandika na samaki. Akatia sahihi, akaiweka karatasi hiyo juu kabisa ya faili, juu ya ile mistari mitatu, akazunguka meza. Fundi Gordon akasogea kumpa nafasi.

Saa nane kasoro robo, Inspekta Jerusha alifungua mlango kuchukua faili. Aliona watu watatu wameketi bega kwa bega kwenye benchi la washukiwa, na kiti cha upande wa pili hakina mtu.

"Mpelelezi wa kesi hii yuko wapi?" akauliza.

Safari hii hakuna aliyetazama sakafu. Joyline alimgeukia Werema, na mzee pia, akimlenga sawasawa kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa kuwa bega lake lilikuwa limegusana na lake.

Werema akasimama.

"Anza na karatasi ya juu, madam," alisema.